Kereng'ende wa Ubatizo wa Mama

Mama yangu alifika Johannesburg mwaka 2015 akitokea Uvira, akiwa na sanduku moja lililofungwa kamba, sukari ya miaka mingi mwilini, na neno moja tu mdomoni: anataka kubatizwa. Si kunyunyiziwa. Kunyunyiziwa alishanyunyiziwa na mapadri angali kichanga. Alitaka kuzamishwa mzima mzima, kama nilivyozamishwa mimi katika kanisa letu la ghorofani pale Yeoville, juu ya duka la vitambaa.

Nikasema sawa, hilo ni jambo dogo, kanisa lina bwawa. Laiti ningejua.

Bwawa lenyewe ni la plastiki, la watoto, la buluu, limechorwa pomboo wanaocheka. Siku ya ubatizo mashemasi hulijaza kwa mpira wa bustani, watu wanazamishwa mmoja mmoja, kisha linamwagwa, linakunjwa, linaingizwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Mimi nilibatizwa humo na sikuona ubaya wowote. Mama alipoonyeshwa aliliangalia juu chini, akaniuliza, "Na likishakunjwa?"

"Likishakunjwa nini, Mama?"

"Wajukuu wakitaka kuona bibi yao alibatizwa wapi, utawaonyesha nini? Stoo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema nyumba aliyozaliwa iliungua, shule aliyosoma iliungua, kaburi la baba yangu hakuna anayelijua, na sasa hata ubatizo wake ukunjwe uwekwe na viti vibovu. Anataka mto. Mto haukunjwi.

Ningekubali siku hiyo hiyo kama si mguu. Kwenye kisigino cha kulia Mama alikuwa na kidonda kidogo, mviringo wa kifungo cha shati, ambacho kilikuwa kinafunga na kufunguka kadiri kilivyotaka chenyewe. Nesi wa kliniki alinishika mkono, mimi, si yeye, akaniambia maji machafu yakiingia pale mama yako atakatwa mguu. Alisema hivyo hivyo, bila kupunguza. Na mito ya Johannesburg, jamani! Kijito cha bondeni, ambako makanisa mengine hubatizia, nimekiona kwa macho yangu mwenyewe kikibeba pampasi, mifuko, na siku moja godoro. Nilimwambia Mama, huo si Yordani, huo ni mfereji. Akanijibu kwamba hata Yordani ulikuwa na matope. Tulibishana hivyo miaka miwili, asubuhi kabla sijaenda saluni na jioni nikirudi, mpaka binti yangu, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza tu, akawa anavaa spika za masikioni wakati wa kula.

Mimi ni msusi. Kusuka rasta nyembamba kichwa kizima ni kazi ya saa sita, na mtu akikaa miguuni pako saa sita mtazungumza tu, mtake msitake. Kulikuwa na mteja mmoja, dada wa Limpopo, aliyekuwa anasomea wadudu wa majini chuo kikuu. Mwanzoni nilidhani ananitania. Unatoka kwenu, unalipa ada, unasomea wadudu? Lakini ndiyo ilikuwa kazi yake, kuingia mitoni na gambuti na kuhesabu vitu vyenye miguu sita. Nikamsimulia habari za Mama. Akasema, huku anakula chipsi, "Angalia kereng'ende, dada. Kereng'ende ndiye atakayekuambia kama maji ni mazima."

Basi. Hivyo tu. Akarudi kwenye simu yake.

Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikaenda nyumbani nikamwambia Mama. Mama akamwambia kiongozi wa akina mama wa kanisani. Kiongozi wa akina mama akamwambia Pasta. Jumapili iliyofuata baada ya ibada tulikuwa watu tisa kwenye bustani ya jiji yenye ziwa, tunatafuta kereng'ende. Na walikuwepo! Wekundu, wekundu wa pilipili, kila kijiti kina wake. Mmoja akatua kwenye kitambaa cheupe cha Mama, kichwani, akatulia pale. Kiongozi wa akina mama akapiga vigelegele. Pasta akasema hiyo ni ishara, akatangaza tarehe palepale, amesimama kando ya bata wanaokula mkate. Nami nilifurahi, sitadanganya. Nilipiga picha kumi na mbili.

Yule dada aliporudi kufumua nilimwonyesha picha kwa fahari. Akaziangalia moja moja akizikuza kwa vidole. Akaanza maswali. Akitua anainamisha mabawa mbele au anayanyoosha? Kiuno chake kimebana au tumbo ni pana? Mishipa ya mabawa ni myekundu au myeusi? Karibu na ncha ya mkia kuna weusi pembeni? Mimi najuaje? Nilikwenda kutafuta maji ya Mungu, sikwenda kumchumbia mdudu. Nikakaza macho kwenye simu: mishipa myekundu, ndiyo. Kiuno kimebana, ndiyo. Weusi upo, pande zote mbili.

"Trithemis arteriosa," akasema, jina lake la kitabuni, na akaanza kucheka. "Dada, huyu anaishi popote. Huyu ukimwaga maji ya kuoshea gari, kesho anakuja kutazama kiwanja."

"Si ulisema kereng'ende?"

"Nilisema kereng'ende. Sikusema kereng'ende yeyote."

Mungu anisamehe, nilivuta ule msuko niliokuwa naufumua mpaka akapiga kelele. Kwa nini watu waliosoma hutoa nusu ya habari halafu wakatulia? Ilibidi aketi anieleze upya, na safari hii nilimnyang'anya chipsi kwanza. Akasema kereng'ende aliyekomaa ana mabawa, anaweza kuwa amepita tu, kama mgeni hotelini. Anayesema ukweli ni mtoto wake. Mtoto hana mabawa, anaishi ndani ya maji miezi mingi, anavuta maji hayohayo kwa pumzi yake. Halafu kuna aina zinazovumilia uchafu na aina zisizovumilia. Akanichorea mmoja nyuma ya risiti: kijani kilichochujuka, michirizi ya kahawia, hukaa juu ya jiwe katikati ya maji yanayokimbia, na ncha ya mkia imepinda kwa chini, ndoana kabisa. Watoto wake hujifukia kwenye mchanga safi chini ya maji. "Ukimpata huyo mchangani," akasema, "mimi mwenyewe ningeyanywa." Halafu akafikiri kidogo, akasema, "Ningeyachemsha kwanza."

Eish, huyo ndiye mtaalamu wangu.

Kwenda kumwambia Pasta kwamba ishara yake ilikuwa ya mdudu wa maji ya kuoshea magari, hilo silisimulii. Itoshe kusema alininukuu kwenye mahubiri, bila kunitaja, chini ya kichwa cha habari cha watu wenye imani haba.

Nikaanza kutafuta. Septemba yote ya 2017 na kipande cha Oktoba, kila Jumapili mchana, nilipanda teksi mbili na Mama, beseni jeupe la kuogeshea mtoto na chujio la chai. Unachota mchanga, unaumimina kwenye beseni, unatulia, unaangalia nini kinatembea. Watu walisimama kututazama. Mzee mmoja akaniuliza kama natafuta dhahabu. Nilipomwambia natafuta mtoto wa kereng'ende wa kumbatizia mama yangu, alivua kofia akaondoka polepole. Na Mama amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, kivulini, ananiamuru. "Pale. Hapana, pale. Unachota kwa kuogopa." Mara ya kwanza tulipata minyoo myekundu tu. Mara ya pili minyoo na kijiko. Mara ya tatu nilitumbukia mpaka kiunoni, simu ikafa, na Mama akauliza kama hiyo haihesabiki kuwa nimebatizwa tena.

"Mama," nikamwambia natiririka maji, "nimechoka. Nimechoka na wewe, nimechoka na mto, nimechoka na mguu wako."

"Na mimi nimechoka nao," akasema. "Lakini ndio ninaotembelea."

Jumapili ya sita mteja wangu alituelekeza mahali kusini mwa jiji, kwenye vilima, shamba la mtu ambaye huwaruhusu watu kuja kuchoma nyama. Kijito kinatoka kwenye miamba, chembamba, unaona kila kokoto. Na juu ya jiwe, katikati, alikuwa amekaa. Kijani kilichochujuka. Michirizi. Nilimkaribia kwa magoti, kanzu yangu ya kanisani ikasagika kwenye mawe. Mkia umepinda. Ndoana ile, na vipande viwili vidogo vya ngozi, kama majani, vinaning'inia kwa chini. Nikachota mchanga. Ndani ya beseni kitu bapa, cha rangi ya mchanga wenyewe, kikajitikisa, kikaanza kujifukia pasipo na pa kujifukia. Nililia, kwa kweli. Nililia kwa sababu ya mdudu, mtu mzima mimi, na Mama akasema, "Ni huyo? Mbona mbaya hivyo?"

Tukapanga Jumamosi. Hapa ndipo ilipobidi mimi niwajue watu wangu, na sikuwajua.

Kwetu huwezi kumwalika Mungu mahali pachafu. Kabla ya harusi, kabla ya msiba, kabla ya mgeni, akina mama wanatangulia kufanya usafi. Kwa hiyo Jumamosi ile, mimi nikiwa namalizia kichwa cha bibi harusi saluni, akina mama kumi na wawili wa kanisa walitangulia alfajiri kwa teksi ya kukodi, wamefunga khanga viunoni, na Mama yangu kiti cha mbele. Nilipofika saa nne na Pasta, beseni langu mkononi, nilisikia nyimbo kabla sijaona kitu. Halafu nikaona povu. Povu jeupe, linashuka taratibu, limejaa kijito kutoka ukingo hadi ukingo.

Walikuwa wamefyeka matete yote, maana nyoka. Walikuwa wameng'oa majani ya majini, maana yanachafua gauni. Mawe yenye utelezi wa kijani waliyasugua kwa brashi na sabuni ya unga, pakiti tatu kubwa, mpaka yakang'aa kama vigae vya jikoni, maana mtu anaweza kuteleza. Mchanga waliufagia pembeni kwa mafagio. Na juu ya mwamba mkavu, Mama, mguu wake juu ya mto wa kukalia, anasimamia kazi. Sabuni ilikuwa wazo lake.

"Umeona?" akaniambia. Uso wake unawaka kwa furaha. "Sasa pako safi."

Nilikaa chini. Nilitaka kutupa beseni, nilitupa beseni. Kisha nikasema yote kwa mkupuo, mbele ya Pasta na wazee wa kanisa: kwamba yale matete ndiyo mdudu hupandia akitoka majini, kwamba ule mchanga ndio nyumba yake, kwamba wameua kile kitu kimoja katika Johannesburg nzima kilichokuwa kinatuambia maji haya hayatamkata mama yangu mguu, na wamekiua kwa sabuni yenye harufu ya waridi. Akina mama walisimama na brashi zao wakitiririka. Kiongozi wao, mama mwenye heshima zake, akasema kwa sauti ndogo, "Tulitaka pawe pazuri kwa ajili yake." Nikaona haya, na hasira haikuondoka. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani.

Nikaokota beseni, nikapanda juu ya kijito peke yangu, kwenye miiba, kupita pale walipofika na brashi. Mita mia moja hivi. Nikachota. Hamna. Nikachota tena. Hamna. Mara ya tatu akatoka, bapa, hasira zake zilezile, anajifukia. Nikapiga kelele wamlete Mama huku.

Wakamleta, amebebwa na mashemasi wawili. Maji pale juu yalifika katikati ya muundi tu, ilibidi alazwe. Na mimi, licha ya kereng'ende, licha ya mchanga, nilitoa mfukoni mfuko wa mkate na plasta ya kunata, nikaufunga ule mguu wa kulia mpaka gotini.

Pasta akashusha Biblia. "Dada, huu ni ubatizo wa kuzamishwa. Mwili wote. Mguu ukiwa ndani ya plastiki haujaingia majini."

"Pasta, nesi amesema."

"Na Neno limesema."

Tulibishana pale ndani ya maji, yeye na kanzu yake nyeupe, mimi na plasta yangu, na akina mama wamesimama ukingoni. Mama amekaa juu ya jiwe anatuangalia, anageuza kichwa huku na huku. Mwishowe akainua mkono.

"Pasta, nibatize hivyo hivyo," akasema. "Mguu ubaki Mkatoliki."

Hata Pasta alicheka. Akamlaza, maji yakamfunika uso, akainuka anatema na kucheka na kulia, na mguu wa Kikatoliki umenyooka juu ya maji ndani ya mfuko wa mkate. Akaokota kokoto pale alipokuwa amelala, akaitia sidiriani.

Ningependa kuishia hapo. Kidonda cha kisigino kilifunga Desemba ile na hakikufunguka tena. Nesi alinipongeza. Nilitembea na hizo pongezi kichwa juu.

Lakini kwa ajili ya siku ya ubatizo nilikuwa nimemnunulia Mama viatu vyeupe, vya kufunika vidole, kwa muuzaji wa barabarani. Alikuwa na namba sita tu, Mama anavaa saba. Nikasema vitaachia. Mama alivipenda, akavivaa kila Jumapili. Sukari ilikuwa imeshamuua hisia vidoleni, hakusikia kitu, na mimi niliyekuwa nakagua kisigino kila asubuhi sikuwahi kutazama mbele. Baada ya Pasaka nilinusa harufu. Hospitali walikata vidole vyote vitano na kipande cha mguu nyuma yake. Mguu uleule wa kulia.

Nilisimama kando ya kitanda nikamwambia ni viatu, Mama, ni mimi, ni vile viatu vyangu. Nilitaka anigombeze. Maisha yangu yote amenigombeza kwa chumvi, kwa wanaume, kwa kuchota kwa kuogopa. Safari hii alitazama bandeji, kisha akasema bila hasira yoyote, "Ni ule ambao haukuingia majini. Ungeuacha tu uingie."

Hakuwa sahihi, nilijua hakuwa sahihi, daktari yeyote angesema si sahihi. Nilikwenda chooni nikalia na taulo mdomoni.

Kovu lilipofunga vizuri, Oktoba, mwaka mmoja baada ya ubatizo, akaanza tena. Anataka kurudi. Anataka kuingiza kilichobaki. Nilikataa wiki mbili, na hoja zangu zote zilikuwa nzuri. Jumapili ya tatu nikachukua beseni.

Matete yalikuwa yameota tena, mafupi. Tulibaki palepale chini, akina mama walipopiga sabuni, kwa sababu na magongo yake asingeweza kupanda kule juu. Nilimkalisha kwenye kiti ukingoni, nikamvua soksi, nikamwambia asiingize hata ukucha kabla sijasema.

"Ukucha gani?" akasema.

Nikachota. Hamna. Mbele kidogo, hamna. Nilichota ukingo mzima, gauni limelowa mpaka kifuani, namlaani yule dada na risiti yake, nawalaani akina mama, najilaani mimi. "Umeona?" anauliza Mama. "Bado." "Umeona?" "Mama, nyamaza!" Nikaingiza chujio nyuma ya jiwe moja lililokuwa bado jeupe kwa kusuguliwa, nikamwaga kwenye beseni, nikasubiri mchanga utulie.

Kilikuwa kidogo sana, punje ya mchele. Kikajitikisa, kikaanza kujifukia.

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa ameshashuka zamani, amekaa chini kwenye ukingo wa maji, mguu wote umezama, kokoto yake mkononi, anatazama maji.